Ukungu wa Bugarama: Mwanzo mzuri kwa anayejifunza rangi za mafuta

UKIPANDA gari Bujumbura alfajiri kuelekea bara, unaondoka kwenye joto la Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari. Barabara inaanza kujipinda kwenye vilima vya Mirwa, masikio yanaziba, na baada ya kama saa moja ya kupanda uko Bugarama, juu ya mita 2,000. Hapo kila abiria anatafuta sweta. Dereva amewasha taa. Akina mama wanaouza kabichi, karoti na viazi kando ya barabara wanaonekana nusu, na milima uliyoiona ukiwa bondeni haipo tena.

Kwa mfanyabiashara mwenye mzigo, ukungu huo ni kero na pia ni hatari. Lori linakwenda taratibu, mboga zinachelewa sokoni, na waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa wanaibuka ghafla mbele ya gari. Lakini kwa mtu anayetaka kujifunza kuchora mandhari kwa rangi za mafuta, sijaona mwalimu mzuri kuliko ukungu. Unamwondolea mwanafunzi majani, matawi, mabati ya nyumba na mistari ya mashamba. Unamwachia swali moja tu: kipi kiko karibu na kipi kiko mbali?

Mimi ni mchora mabango. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika majina ya maduka, saluni na gereji za Buyenzi, na siku za Jumamosi nawafundisha watu wachache kuchora. Wengi wao ni kama mimi, watu waliozaliwa au kukulia ng'ambo ya mpaka: Katumba, Mishamo, Ulyankulu, Mtabila. Wengine ni wafanyabiashara wa Kobero na Manyovu ambao hukaa mjini siku mbili tatu wakisubiri mzigo. Karibu wote huja na ombi lile lile. Wanataka kuchora kilima cha kwao.

Mpenzi msomaji, ombi hilo si dogo. Katumba, karibu na Mpanda, ni nchi tambarare ya miombo. Tulipokuwa watoto tulichora Burundi ile tuliyosimuliwa na wazazi walioikimbia mwaka 1972: pembetatu zilizopangwa kama meno ya msumeno, jua likichomoza katikati. Anayerudi anakuta kuwa mlima wa kweli hauna mstari unaouzunguka. Una upande unaoonekana na upande unaoyeyuka. Kujifunza kuchora ukungu ni kujifunza kuuona mlima wenyewe, na si ule wa masimulizi peke yake.

Kwa nini milima ya mbali inafifia?

Hewa yenye unyevu kutoka ziwani na bonde la Rusizi inapopanda mteremko, inapoa. Kila mita 100 inapoteza zaidi ya nusu nyuzi ya joto, na ikifika kwenye kilele cha safu ya milima, mvuke wake umegeuka matone madogo sana. Safu hiyo hiyo ndiyo inayogawa maji: mvua inayoanguka upande wa magharibi huenda Rusizi, kisha Tanganyika na hatimaye mto Kongo, ya upande wa mashariki huingia Ruvubu, kisha Kagera na hatimaye Nile.

Matone ya ukungu hutawanya mwanga wa rangi zote karibu sawasawa, ndiyo maana ukungu ni mweupe au wa kijivu. Kila hatua kati yako na mlima inaongeza matone, na kila tone linaongeza weupe kidogo. Kwa hiyo kinachopotea kwanza ni giza. Kivuli chini ya mti ulio karibu nawe ni cheusi. Kivuli kama hicho kwenye mlima wa tatu ni kijivu. Kwenye mlima wa tano hakipo. Ukilielewa hilo umeshajifunza nusu ya kazi.

Hata hivyo, si kila kinachofunika mlima ni ukungu. Baada ya mvua kubwa hewa ikisafika, milima ya mbali, kama ile ya Uvira ukiitazama kutoka Bujumbura, huwa ya bluu, kwa sababu hewa safi hutawanya zaidi mwanga wa bluu. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi na moshi wa mashamba huifanya milima iwe ya njano yenye kahawia. Kabla ya kushika brashi jiulize unachora hewa ya aina gani: ya kijivu, ya bluu au ya vumbi.

Vifaa vya kuanzia

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya milango na madirisha. Hiyo inang'aa, inaanza kushika upesi na haikubali kulainishwa kingo. Tunayoizungumzia hapa ni rangi ya wachoraji, inayouzwa kwenye tyubu, mara nyingi za mililita 37, na ambayo unga wake umesagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Anayesafiri kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aulizie maduka ya vifaa vya sanaa.

Usinunue sanduku la rangi ishirini. Nne zinatosha, na kama tyubu zina maandishi ya Kifaransa tafuta majina haya: nyeupe ya titani, yaani "blanc de titane", bluu nzito, "outremer", kahawia iliyoungua, "terre d'ombre brûlée", na njano ya udongo, "ocre jaune". Nyeupe nunua tyubu kubwa, kwani itakwisha kabla ya nyingine zote. Nyeusi huihitaji. Bluu na kahawia zikichanganywa hutoa giza zuri kuliko nyeusi ya dukani, na bluu na njano ya udongo hutoa kijani kilichopoa kama cha mikaratusi na mashamba ya chai ya Teza.

Brashi nne: mbili bapa zenye manyoya magumu, moja pana na moja nyembamba, moja ndogo yenye ncha, na moja pana yenye manyoya laini ambayo kazi yake ni kulainisha tu ikiwa kavu. Ongeza kisu butu cha kuchanganyia, matambara ya pamba na kipande cha kioo. Weka karatasi ya kijivu chini ya kioo hicho, nacho kitakuwa ubao wako wa kuchanganyia rangi.

Chupa ndogo ya mafuta ya kitani na ya tapentaini pia ni lazima. Hapa wengi hujaribu kubana matumizi kwa kutumia mawese ya Rumonge, kwa kuwa yapo kila nyumba. Mawese ni mazuri kwenye maharage, lakini hayakauki. Mafuta ya kitani hukauka kwa sababu yanashikana na oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu. Mawese hayana uwezo huo, na picha yako itanata na kukusanya vumbi miaka yote.

Kuhusu kitu cha kuchorea juu yake, usione haya kutumia ulichonacho. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu, walichora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga. Kwako inatosha mbao tatu za plaiwudi, ile ambayo mafundi wa Bujumbura huiita tripleksi, kila moja ukubwa wa daftari kubwa, au kitambaa cha marekani kilichovutwa kwenye fremu. Jambo la kuzingatia ni kwamba rangi ya mafuta isiguse mbao au kitambaa kitupu, kwa kuwa mafuta huozesha nyuzi na kuacha rangi ikiwa kavu kama chaki. Paka kwanza rangi nyeupe ya msingi ya akriliki, mara mbili, na isugue kwa msasa laini ikikauka.

Ukungu hupikwa kwanza

Sasa tumefika kwenye siri ya kazi yote. Mwanafunzi asiyeelekezwa huchora milima yake yote kwa kijani kikali, kisha mwishoni huchukua rangi nyeupe na kuipaka juu kama mtu anayepaka chokaa. Anapata moshi wa moto wa takataka. Ukungu haupakwi mwishoni. Huchanganywa mwanzoni, ndani ya kila rangi.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, tengeneza rangi ambayo wanafunzi wangu wanaiita rangi mama. Chukua nyeupe kiasi cha vijiko vinne vya chai. Ongeza bluu kiasi cha punje ya mahindi, kahawia nusu ya hiyo, na njano inayobebwa na ncha ya kisu. Changanya mpaka isibaki michirizi. Iweke karibu na karatasi nyeupe: inapaswa kuonekana kama shuka jeupe lililoanikwa kivulini. Ikiwa ni bluu mno, ongeza kahawia. Ikiwa imepooza mno, ongeza njano. Tengeneza nyingi, kwani ukiishiwa katikati ya kazi ni vigumu kupata tena iliyo sawa kabisa.

Pembeni tengeneza rangi ya giza: bluu, kahawia na njano kidogo, mpaka ipatikane kijani cheusi. Kisha gawa mafungu. Mlima wa mbali zaidi: sehemu kumi za rangi mama kwa moja ya giza. Mlima wa pili: nne kwa moja. Wa tatu: nusu kwa nusu. Kilicho karibu kabisa: giza tupu. Yapange mafungu hayo kwenye kioo, fumba macho nusu na uyatazame. Yawe kama ngazi ambayo vipandio vyake vina kimo kimoja. Kama viwili vimekaribiana mno, rekebisha hapo hapo, maana kurekebisha kwenye kioo ni rahisi kuliko kwenye picha.

Hatua kwa hatua

Kwanza, chukua kahawia iliyoyeyushwa kwa tapentaini ikawa kama chai ya rangi, uipake ubao mzima kisha uifute kwa tambara. Weupe mkali wa msingi utapotea, na macho yako hayatadanganyika.

Pili, kwa brashi nyembamba weka mistari mitatu tu ya migongo ya milima. Isiwe na kimo sawa wala isiwe pembetatu. Migongo ya Burundi ni ya mviringo, kama migongo ya ng'ombe waliolala.

Tatu, anza na anga na mlima wa mbali. Paka rangi mama angani, na kabla haijakauka weka mlima wa kwanza ukiugusisha kwenye anga. Chukua brashi laini iliyo kavu, uipitishe kwenye mpaka wa viwili hivyo kama unayefuta vumbi kwenye kioo cha saa. Usikandamize. Mstari utalainika.

Nne, na hapa ndipo wengi hupita haraka bila kutazama: ukungu hulala mabondeni. Kwa hiyo kila mlima huonekana vizuri zaidi juu kuliko chini. Paka mgongo wa mlima kwa fungu lake, kisha ukishuka ongeza rangi mama kidogo kidogo mpaka miguu ya mlima imeyeyuka kabisa. Mgongo wa mlima unaofuata utatokea mbele ya weupe huo. Jicho la mtazamaji litaona kina cha bonde bila wewe kuchora bonde lenyewe.

Tano, endelea mpaka mlima wa karibu, kisha weka kitu kimoja tu mbele: mkaratusi, mgomba au safu mbili za chai. Hapo ndipo panapostahili giza tupu, kingo kali na joto la kahawia. Kitu kimoja kikali hufanya vingine vyote vionekane laini. Vikiwa vitano, ukungu umekufa.

Ukitaka kuongeza utando baada ya picha kukauka, tumia rangi mama kidogo sana iliyolainishwa kwa mafuta ya kitani, uisugue kwa brashi karibu kavu. Ikumbukwe kuwa tabaka la chini liwe na tapentaini zaidi na la juu liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza mpango huo, la juu litakauka kabla ya la chini, na baada ya muda picha itapasuka.

Aidha, ukungu haumsubiri mtu. Mfaransa Claude Monet alikwenda London kati ya mwaka 1899 na 1901 kuchora mto Thames kwenye ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa. Alikuwa na kanvasi nyingi zilizoanzwa kwa pamoja. Hewa ikibadilika aliiweka moja chini na kushika nyingine. Mwaka 1904 alizionyesha 37 mjini Paris. Ndiyo sababu nasema uwe na mbao tatu ndogo badala ya moja kubwa: moja ya saa kumi na mbili, moja ya saa moja, moja ya saa mbili jua linapopenya.

Usalama na safari

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa kwenye pipa au mfuko huweza kujipasha joto na kuwaka yenyewe bila kiberiti. Katika vibanda vyetu vya mbao vilivyobanana, moto wa namna hiyo haumwunguzi mmoja. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yaloweke kwenye maji. Tapentaini fanyia kazi penye hewa, mbali na jiko na watoto. Na mikono usiioshe kwa tapentaini; hapa sasa ndipo mawese yanapopata kazi. Yapake, futa, kisha osha kwa sabuni.

Tabaka jembamba hushika baada ya siku chache, lenye nyeupe nyingi huchukua wiki moja au zaidi, na kwenye baridi ya Bugarama hukawia zaidi. Vanishi ya mwisho subiri miezi sita hadi mwaka.

Kwa anayevuka mpaka na picha mbichi, tafuta sanduku la mbao na ugongelee vipande vya vizibo kwenye pembe ili uso usiguswe na kitu. Kanvasi iliyokauka ikunjwe kwa kuviringishwa, upande wenye rangi ukiwa nje. Ukiuweka ndani, rangi itajikunja na kupasuka.

Picha si hati ya shamba

Mwanafunzi wangu mmoja, binti anayeuza mboga, alichora kilima cha babu yake aliyerudi kutoka Mishamo. Sehemu ya shamba la ukoo ilikuwa imekaliwa na watu wengine tangu miaka ile ya 1970, na baada ya mvutano mrefu iligawanywa kati ya pande mbili. Mzee alikuja kuitazama picha akiwa amesimama na fimbo yake. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Minyaa yetu ya mpaka iko wapi?"

"Iko ndani ya ukungu, babu," binti akamjibu.

Sikuingilia. Najua wapo wanaotaka picha ionyeshe kila uzio mahali ulipokuwa, kana kwamba siku moja itapelekwa mbele ya wazee kama ushahidi. Picha ya mafuta si hati. Haiwezi kumrudishia mtu mita moja ya ardhi. Ukungu wa kwenye ubao ule ulikuwa umefunika pande zote mbili za mpaka, wake na wa jirani.

Mzee alikaa, akaomba maji. Halafu akasema palikuwa na mparachichi karibu na mlango wa baba yake, na akataka uwekwe mbele. Mti huo haupo tena. Binti alimuuliza ulikuwa umeinamia upande gani, na mzee akaonyesha kwa mkono. Jumamosi iliyofuata mparachichi ulikuwa mbele ya picha, umekolea giza, kingo zake kali, na nyuma yake milima ikipotea mmoja mmoja. Kwa kanuni za uchoraji ndicho kitu pekee ambacho picha ile ilikuwa inakosa.

Basi anza na mbao tatu na rangi nne. Usitafute mandhari kubwa. Bonde moja na migongo mitatu yatosha kwa miezi mitatu ya mazoezi. Na ukimaliza, geuza ubao, uandike nyuma kwa penseli jina la kilima, saa na tarehe. Kwetu mtu huulizwa kilima chake kabla ya kuulizwa mtaa, na kwenye ukungu vilima vyote hufanana. Wajukuu wako hawatakijua usipowaandikia.